Mota Iliyochemka Bila ya Kubeba Kitu



Ndugu wasomaji, mhariri wa jarida letu ameniomba mara mbili niandike juu ya malezi ya watoto ugenini, na mara zote mbili nimemwahidi. Leo tena ninamvunjia ahadi. Nimeonelea niandike juu ya mota ya umeme. Najua kwamba baadhi yenu mkilisoma neno hilo mtataka kuruka hadi ukurasa wa mapishi, lakini nawaomba subira kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe lilikaribia kumpotezea kijana wetu kazi na lilikaribia kuwaangushia watu chuma vichwani. Nami niliyefundisha fizikia kwa miaka 35 nilikuwa miongoni mwa waliolikosea.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Tanga, ni fundi umeme katika karakana moja ya vyuma huko Sohar, mwendo wa kilomita 200 na zaidi kutoka hapa Maskati. Karakana hiyo hukata na kuunga mihimili ya chuma ya majengo. Juu, chini ya paa, kuna kreni: boriti mbili kubwa zinazotembea juu ya reli zilizofungwa kutani, na juu ya boriti hizo kigari chenye ngoma ya kamba ya chuma na ndoano. Sisi tuliokulia Tanga tulizoea kuita kila kitu cha namna hiyo winchi, kwa kuwa tuliviona bandarini tangu utotoni. Kreni hii ina uwezo wa kuinua tani 10, na kinachoizungusha ngoma yake ni mota moja ya kilowati 15, si kubwa kuliko mtungi wa maji wa wastani.

Mwezi wa Mei mwaka 2023 mota ya zamani iliungua baada ya kutumika miaka mingi. Kazi zilikuwa zimerundikana, na mota mpya kutoka kwa waliotengeneza kreni ingechukua majuma kadhaa kufika. Mwenye karakana akanunua nyingine kwa mfanyabiashara wa vyombo vilivyotumika. Ilikuwa imekarabatiwa vizuri kwa macho, imepakwa rangi ya buluu toka kichwa hadi miguu, na kibati chake cha maelezo kimepakwa pamoja nayo. Aliyeiuza alisema ni kilowati 15. Matundu ya miguu yalilingana na ya ile ya zamani, mhimili wake uliingia kwenye giaboksi bila ya kulazimishwa, na kasi ya ndoano haikubadilika. Mpwa wangu aliifunga kwa siku moja, na kila mtu akaondoka akiwa radhi.

Siku ya tatu ikaanza kuchemka.

Hapa inafaa nieleze kidogo, kwa kuwa watu wengi hudhani mota ikiwa ya moto mkononi basi imeharibika. Mkono wa mwanadamu haustahimili joto la nyuzi 60 kwa zaidi ya muda mfupi sana, ilhali ganda la mota nzima kabisa linaweza kufika 80 na isiwe na tatizo lolote. Kilicho muhimu ni joto la ndani, kwenye nyaya zilizozungushwa. Nyaya hizo hupakwa vanishi ya kuzitenga zisigusane, na vanishi hiyo imepimwa uvumilivu wake. Mota nyingi za siku hizi zinastahimili nyuzi 155. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10 juu ya kiwango, umri wa kihami hicho hukatika nusu. Kwa hiyo mota haifi kwa ghafla kama taa. Huanza kwa kuzeeka upesi.

Nayo ile ya Sohar ilipewa njia mbili za kusema kwamba inaumia. Ya kwanza ni kile ambacho mafundi hukiita ovalodi, kifaa kinachokata umeme pale mkondo unapozidi kwa muda. Hiki kilikata mara nne katika siku mbili. Mtu mmoja, na mpwa wangu hakunitajia ni nani nami sikumwuliza, alichukua bisibisi akakizungusha kisibure kiwango, kikanyamaza. Njia ya pili ni vihisi-joto vidogo vilivyozikwa ndani ya nyaya zenyewe. Hivi havina bisibisi. Siku ya tano vilikata umeme wakati mhimili wa tani sita ukiwa umening'inia mita tatu kutoka sakafuni, na chini yake palikuwa na watu wawili wakipima alama. Breki ikashika, alhamdulillahi, na mhimili ukabaki hewani dakika 40 mpaka mota ilipopoa.

Usiku huo mpwa wangu akanipigia simu. Nilikuwa nimemaliza kula, nimekaa juu ya mto, nina chai mkononi. Ninayataja haya kwa makusudi. Mtu aliyekaa juu ya mto huwa mwepesi wa kutoa majibu, na mimi nilitoa jibu langu kabla chai haijapoa. Nikamwambia, "Baba, hilo ni jua la Sohar." Nikamfafanulia kwamba mota hutengenezwa kwa kudhaniwa kuwa hewa inayoizunguka haizidi nyuzi 40, na kwamba mwezi wa Juni chini ya bati, mahali ambapo hewa yote ya moto ya karakana hupanda na kukusanyika, hapana shaka inazidi 50. Yote hayo ni kweli. Nikamshauri afunge feni kubwa iipulizie mota ile.

Akaifunga. Siku nzima mota haikukata. Nikapigiwa simu ya shukrani, nami, Mungu anisamehe, nikaipokea kwa kichwa kikubwa. Siku iliyofuata ikakata tena, mara tatu kabla ya adhuhuri.

Nikitazama nyuma naona kwamba ushauri wangu ulikuwa mbaya kuliko kunyamaza. Feni ile haikuondoa ugonjwa, iliuchelewesha tu, na kwa siku moja iliwafanya watu waamini kwamba umekwisha. Tena kulikuwa na jambo moja la wazi ambalo mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu angeniuliza: mota ya zamani ilifanya kazi chini ya bati lilelile, katika Juni ngapi, bila ya feni?

Baada ya hapo mpwa wangu akaacha kubahatisha, akaanza kukagua kwa utaratibu. Kwanza alikwenda kwenye breki. Katika kreni breki hushika daima, na huachia tu pale umeme unapoifungua; ikiwa haiachii vizuri, mota huinua mzigo na kuburura breki kwa wakati mmoja, na huchemka. Akapima nafasi, akaizungusha ngoma kwa mkono, akaona inakwenda huru. Kisha akapima umeme unaoingia. Kreni hupata umeme wake kwa vipande vya makaa vinavyoteleza juu ya reli za shaba, na kipande kimoja kikilegea fezi moja hudhoofika. Mota ya fezi tatu haipendi hata kidogo kutokuwa na usawa: tofauti ya asilimia 3 tu huweza kuongeza joto kwa karibu asilimia 18. Lakini fezi zote tatu zilimpa volti 412, 414 na 415. Hapakuwa na kasoro.

Alihesabu hata idadi ya kuwasha na kuzima. Jambo hili halijulikani sana nje ya ufundi. Kila mota inapoanza kutoka kusimama huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, kwa hiyo mota ya kreni, inayoanza na kusimama mchana kutwa, ina maisha magumu kuliko ya pampu inayozunguka kwa saa nane mfululizo. Ndiyo maana mota za kreni huandikwa kwenye kibati chake kwamba ni za kazi ya vipindi: kwa mfano, katika kila dakika 10 ifanye kazi nne na ipumzike sita. Alihesabu mara 50 kwa saa, idadi ambayo ile ya zamani iliivumilia. Ikabaki kama alama ya kuuliza, lakini haikutosha kuwa jibu.

Siku ya nane msimamizi wake alimwita ofisini. Kulikuwa na shehena ya kupakia ndani ya siku tatu. Akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, aviruke vile vihisi-joto, aunganishe waya moja kwa moja, mpaka shehena iondoke. Akamwambia pia kwamba amemwandikia barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi, na kwamba mkataba wake unakwisha mwezi wa Agosti.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tulio huku tunaujua uzito wa maneno hayo mawili yakisemwa pamoja, mkataba na mwezi. Nyuma ya mkataba ule kulikuwa na dada yangu Tanga, karo za watoto wawili, na nyumba iliyofika kwenye lenta ikasimama hapo. Sitaki mtu anayesoma haya amdharau msimamizi yule pia. Naye alikuwa na mtu juu yake.

Lakini kuviruka vihisi vile lilikuwa jambo gani hasa? Mota ya pampu ikiungua, maji hukoma. Mota ya kreni inapoinua, breki imekwisha kuachia. Mzigo unashikwa na nguvu za mota peke yake. Nyaya zikiungua upande mmoja na nguvu zikapungua ilhali breki bado inapata umeme na imefunguka, mzigo hushuka wenyewe, na giaboksi haitauzuia. Katika karakana ile watu hupita chini ya mizigo. Imeandikwa ukutani kwa lugha tatu kwamba wasipite, nao hupita.

Akanipigia tena usiku. Nikamwambia asiunganishe. Lilikuwa jibu sahihi na nalisimamia mpaka leo, ila nakiri kwamba lilinitoka kirahisi, kwa kuwa barua ya onyo haikuwa na jina langu. Akanyamaza. Kisha akasema neno lililonitoa usingizi: "Mjomba, nitakataa. Lakini asubuhi ataniuliza, kama si vihisi vibovu basi ni nini? Nimwambie nini? Sababu siijui."

Kweli, mtu anayekataa bila ya kuwa na sababu huonekana mkaidi au mwoga. Alihitaji sababu kabla ya saa moja ya asubuhi.

Hapo ndipo nilipoweka chai chini na kuanza kuuliza badala ya kujibu. Nilimwuliza mkondo aliopima ni kiasi gani. Akanipa takwimu zake zote, na zote zilikuwa za kuinua mzigo: tani mbili, tani nne, tani sita. Zilikuwa juu, ndiyo, lakini mzigo nao ulikuwapo, na kila mtu alikuwa akibishana juu ya mzigo. Nikamwuliza, "Na ndoano ikiwa tupu?" Hakuwa amepima. Hakuna aliyepima. Nani apime mota isiyobeba kitu?

Makazi yao yako nyuma ya karakana. Akamwamsha mwendesha kreni, wakamwomba mlinzi ufunguo, wakapandisha ndoano tupu, naye akaibana mita yake kwenye waya. Ampea 28.

Nilimwomba arudie. Ikawa 28 tena, katika fezi zote tatu.

Mota ya kilowati 15 katika umeme wetu huvuta kama ampea 28 hadi 30 inapobeba mzigo wake wote. Isipobeba kitu hutakiwa kuvuta theluthi moja hivi, tuseme 10 au 12. Hii ilikuwa ikivuta karibu mkondo mzima kwa kuzunguka tu. Maana yake ni kwamba joto halikutokana na mzigo, wala jua, wala breki. Lilitoka ndani yake yenyewe, katika namna ilivyolishwa umeme. Kama mgonjwa mwenye homa akiwa amelala, ukimwona ana joto akibeba gunia hutajua ni gunia au ni homa, mlaze kwanza.

Nikamwambia akwangue ile rangi ya buluu juu ya kibati. Alichukua sarafu na tambara lenye petroli kidogo, na baada ya robo saa akanitumia picha kwa simu. Herufi zilikuwa zimejaa rangi lakini zilisomeka. Kilowati 15, kama alivyosema muuzaji, hakuongopa. Volti 380. Mizunguko 1755 kwa dakika. Na karibu na ukingo, ndogo: hezi 60.

Mizunguko 1755! Mota ya kreni ile, kwa umeme wetu wa Oman, haiwezi kuzunguka zaidi ya 1500. Ilikuwa imetengenezwa kwa umeme mwingine.

Wale waliosahau somo nawaomba tena subira. Umeme wa majumbani na viwandani haupiti upande mmoja kama maji ya mfereji. Huenda na kurudi. Oman, na vilevile Tanzania, Kenya na Uingereza, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo hezi 50. Marekani ni mara 60. Saudia pia ni mara 60, ingawa majirani zake wote wa Ghuba ni 50. Ndiyo maana nchi za Ghuba zilipounganisha gridi zao mwaka 2009 ilibidi kijengwe kituo kikubwa huko Al Fadhili, ndani ya Saudia, kazi yake ikiwa ni kuugeuza umeme wa 60 ukubaliane na wa 50. Umeme ukivuka mpaka hupitia kituo hicho. Mota ikivuka mpaka juu ya lori haipitii popote.

Sasa, chuma kilichomo ndani ya mota hujazwa usumaku na umeme kila unapokwenda, na kumwagwa unaporudi. Chukulieni mfano wa ndoo chini ya mfereji. Kwa hezi 60 mfereji hufunguliwa kwa sehemu ya 120 ya sekunde, kisha ndoo humwagwa. Kwa hezi 50 hufunguliwa kwa sehemu ya 100 ya sekunde, muda mrefu zaidi. Na volti ndizo nguvu za maji: ndoo hii ilipimwa kwa volti 380, ikapewa 415. Ukigawa 380 kwa 60 unapata 6.33. Ukigawa 415 kwa 50 unapata 8.3. Mota ile ilikuwa ikijazwa karibu asilimia 31 zaidi ya kipimo chake, na chuma, kama ndoo, kikishajaa hakipokei tena. Kinachofurika ni mkondo, na mkondo huo hauinui hata kilo moja. Hupasha nyaya moto tu.

Nilipomaliza kumweleza ilikuwa saa saba ya usiku. Akasema, "Mjomba, kumbe ilikuwa imeandikwa." Ndiyo, ilikuwa imeandikwa siku zote nane, chini ya rangi. Sisi tulikuwa tukiipulizia feni.

Asubuhi alikwenda kwa msimamizi na vitu viwili, picha ya kibati na ile namba 28. Hakuhitaji kukataa kitu chochote. Msimamizi aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza swali la busara kabisa: je, haiwezekani kuipunguzia volti? Inawezekana. Ukiipa mota ile volti kama 317 kwa hezi 50, ndoo haifuriki tena. Inawezekana pia kuizungushia nyaya upya, au kufunga kifaa cha kubadili hezi kabla umeme haujaifikia. Lakini mpwa wangu alikuwa amekwisha kupiga hesabu alfajiri. Kwa njia mbili za kwanza mota ingekuwa na afya, ila ingezunguka pole kwa sehemu moja ya sita kuliko ilivyoandikwa, na nguvu zake zingeshuka kwa kiasi hichohicho: kilowati 12 na nusu, si 15. Kreni isingefaa tena kwa tani 10. Njia ya tatu ilihitaji kifaa na mtaalamu wa kukipanga ili kielewane na breki, jambo ambalo katika kuinua mizigo si la kujaribiwa kwa haraka.

Kreni ikasimamishwa. Wakakodi kreni ya magari kwa kupakia shehena, ambayo ilichelewa siku mbili, na mbingu hazikuanguka. Muuzaji alikataa kuirudisha mota, akisema aliuza kilowati 15 na kilowati 15 ndizo zilizoandikwa. Mota sahihi ilifika baada ya majuma matatu: volti 415, hezi 50, ya kazi ya vipindi. Mpwa wangu aliipima kwanza kwa ndoano tupu. Ampea 11. Akairudisha ovalodi mahali pake kwa bisibisi, mbele ya watu, bila ya kusema neno.

Nimeandika haya kwa sababu nyingine pia. Kila mwaka nasikia katika barza zetu juu ya ndugu walioko Marekani wanaopakia makontena kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Hununua majokofu na mashine za kufulia, wakaambiwa kwamba transfoma ya kushusha volti inatosha. Transfoma hubadili volti, haibadili hezi. Jokofu la volti 115 na hezi 60, likipewa volti zake sawasawa kupitia transfoma lakini kwa hezi 50 za nyumbani, hufurika kwa asilimia 20, kwa sababu ileile ya ndoo. Huunguruma, huchemka, na baada ya miezi kadhaa bibi huambiwa ameliharibu kwa kufungua mlango sana. Chaja za simu na kompyuta hazina shida hii. Nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50 na 60, na kweli hukubali zote. Vyenye mota ndani ndivyo vya kuangalia, na kibati huwa nyuma au ndani ya mlango.

Ama ile barua ya onyo, iliandikwa kabla sababu haijajulikana, na haikuondolewa katika faili. Mkataba uliongezwa, lakini kwa mwaka mmoja badala ya miwili. Nilimsihi mpwa wangu aombe kwa maandishi barua ile ifutwe, nikajitolea hata kumwandikia kwa Kiingereza kizuri. Akaniambia, "Mjomba, iache, kazi ninayo." Hatukukubaliana, na hatujakubaliana mpaka leo. Mimi ni mwalimu. Kosa likibaki kwenye daftari la mtu asiyelifanya, haliniachi nilale.

Mota ya buluu iko pembeni mwa stoo, na kibati chake sasa kinang'aa. Feni niliyoishauri mimi bado iko juu pale chini ya bati, imeelekezwa kwenye mota isiyoihitaji. Mpwa wangu amekwisha kuniahidi mara tatu kwamba ataiteremsha.